Jeni Hungoja Kuitwa

Nataka kusema neno juu ya usemi mmoja ulioenea sana katika mabweni yetu, na majumbani kwetu pia. Usemi wenyewe ni huu: akili ni ya damu. Wazee waliusema kwa lugha ya ukoo, wakataja nyumba zenye vichwa vyepesi na nyumba zenye vichwa vizito. Siku hizi sisi tusomao elimu ya viumbe tumeuvika usemi huo shati jipya. Twasema, "Ni jeni tu." Mwanafunzi akishindwa hesabu, ni jeni. Mwenzake akiwa wa kwanza, ni jeni. Neno hili ni fupi, tena lina harufu ya maabara, kwa hiyo wachache huthubutu kulipinga.

Mimi nalipinga. Wala sitalipinga kwa kuomba huruma, maana mtu akileta hoja ya elimu hajibiwi kwa machozi. Nitalijibu kwa elimu ile ile waliyoiita kuwa shahidi wao. Nataka kueleza jinsi seli za neva, ambazo ndizo zinazofanya ubongo kuwa ubongo, zinavyoamrishwa na vitu viitwavyo vikuzaji, na jinsi vikuzaji hivyo vinavyoamua ni jeni ipi isomwe na ni ipi ikae kimya. Msomaji akinifuata hadi mwisho, naamini ataona kwamba shahidi huyo hakusema waliyomsingizia.

Tuanze na jeni yenyewe. Katika kiini cha karibu kila seli ya mwili wa mtu mmoja mna maandishi yale yale ya DNA, na ndani yake mna jeni zipatazo 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini. Seli ya ngozi ya kisigino chako ina kitabu kile kile kilichomo katika seli ya ubongo wako. Basi mbona kisigino hakifikiri? Ni kwa sababu kurasa zinazosomwa si zile zile. Kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni kusomwa ni jambo la pili. Jeni isiyosomwa ni kama kitabu kilichofungiwa kabatini mwa maktaba: kipo, kimeandikwa vizuri, lakini hakimfundishi mtu. Swali kubwa basi si kwamba seli ina jeni gani. Swali ni kwamba nani anakuja kufungua kabati, na lini.

Jibu la swali hilo, kwa upande wa neva, lilianza kutafutwa mahali pasipotarajiwa, katika chumba cha kulala cha mwanamke kijana katika mji wa Torino, nchi ya Italia. Jina lake Rita Levi-Montalcini. Alizaliwa mwaka 1909. Baba yake aliwapenda binti zake, walakini aliamini kwamba masomo ya juu yangewazuia kuwa wake na mama wema, kwa hiyo hakutaka waende chuo kikuu. Rita alipofika umri wa miaka 20 alimwendea baba yake, akamwomba, na baba akakubali ijapokuwa kwa shingo upande. Binti huyo alijifunza Kilatini, Kigiriki na hesabu kwa miezi minane, akafaulu mtihani, akaingia chuo cha udaktari mwaka 1930, akahitimu mwaka 1936.

Alikuwa hajafanya kazi sana, sheria ikatoka. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitangaza sheria za damu, na Wayahudi wakafukuzwa katika vyuo na kazi za elimu. Rita alikuwa Myahudi. Hapo alitengeneza maabara ndani ya chumba chake cha kulala. Alinoa sindano za kushonea zikawa visu vidogo. Alitumia koleo ndogo za fundi wa saa. Mabomu ya vita yalipouzidi mji, familia yake ikahamia vilimani, naye akawa akizunguka kwa baiskeli kwa wakulima kununua mayai ya kuku wenye jogoo, akiwaambia kwamba mayai ya namna hiyo ni bora kwa watoto wake. Watoto hakuwa nao. Alikuwa akichungua neva za kifaranga ndani ya yai, na akimaliza kumtoa kifaranga huyo, yaliyosalia ya yai yaliliwa mezani.

Nawaomba wenzangu waitazame picha hiyo vizuri. Serikali nzima yasema kwamba watu wamepangwa daraja kwa damu, na mwanamke mmoja aliyefukuzwa kwa sababu ya damu hiyo ameinama juu ya yai, akitafuta kujua jambo gani hasa linalofanya seli iishi au ife. Sisi wa nchi hizi za Maziwa Makuu hatuhitaji kuambiwa maneno ya damu yanaweza kuwafikisha watu wapi. Mwaka 1994, kule Rwanda kwa jirani zetu, yalifikisha watu makaburini. Ndiyo maana nasema mazoea ya kumhukumu mtu kwa damu yake si mchezo wa bwenini, hata yakisemwa kwa kucheka.

Rita aliona nini katika yai? Ilijulikana tayari kwamba ukikata chipukizi la kiungo cha kifaranga, mathalani mahali pa kuota bawa, neva za upande huo huwa chache. Mtaalamu Viktor Hamburger, aliyekuwa akifanya kazi St. Louis huko Marekani, alikuwa amefikiri kwamba neva hizo hazikuumbika kwa sababu hazikupata wito wa kuumbwa. Rita aliona vingine. Seli za neva ziliumbika, zikaanza safari, zikatoa nyuzi, kisha zikafa kwa kuwa hazikukuta kitu huko zilikokuwa zikienda. Mwaka 1947 Hamburger, ambaye alikuwa amesoma maandishi yake, alimwalika St. Louis. Wakayachungua pamoja, na ikaonekana kwamba Rita alikuwa na haki. Hata katika kifaranga mzima, asiyekatwa kitu, neva nyingi huzaliwa kuliko zile zitakazobaki. Zinazopokelewa hubaki, na zisizopokelewa hufa.

Zinapokewa na nini? Hapo kukaja uvimbe wa panya. Ilionekana kwamba uvimbe fulani wa panya ukipandikizwa katika kifaranga, neva huujia kwa wingi wa ajabu. Rita akaona kwamba lazima uvimbe huo unatoa kitu cha majimaji. Mwaka 1952 alikwenda Rio de Janeiro, Brazili, akaweka vipande vya uvimbe karibu na fundo la neva ndani ya kioo. Fundo likatoa nyuzi pande zote, kama miale ya jua. Mwaka uliofuata mkemia Stanley Cohen alijiunga naye St. Louis kukitafuta kitu chenyewe. Cohen alitumia sumu ya nyoka kama chombo tu cha kuvunjia vitu vingine, akashangaa kuona kwamba sumu hiyo ina kikuzaji kingi kuliko uvimbe. Kisha akawaza: tezi ya sumu ya nyoka yafanana na tezi gani kwa panya? Ni tezi ya mate. Akaichungua tezi ya mate ya panya dume, akakikuta humo tele. Kitu hicho ni protini, na tangu hapo chajulikana ulimwenguni kwa herufi NGF. Mimi nitakiita kikuzaji cha neva. Katika tezi hiyo hiyo Cohen alipata kikuzaji cha pili, cha ngozi, kiitwacho EGF. Mwaka 1986 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tuje kwenye kiini cha shauri letu: kikuzaji kinaiamrishaje jeni?

Seli ya neva si kama seli nyingine. Mwili wake ni mdogo hata hauonekani kwa macho matupu, lakini hutoa uzi mrefu. Neva iletayo habari kutoka kidole cha mguu ina mwili wake karibu na uti wa mgongo, na uzi wake kwa mtu mzima waweza kufika urefu wa mita moja. Jeni zimo ndani ya mwili huo, huko karibu na mgongo. Kikuzaji nacho hutolewa na ngozi, huko kidoleni. Ni kama barua iliyoandikwa kijijini na kumhusu waziri aliye mji mkuu. Itafikaje?

Penye ncha ya uzi kuna kipokezi, protini iitwayo TrkA, ambayo mwaka 1991 ilitambuliwa kuwa ndiyo hukipokea kikuzaji cha neva. Kikuzaji kikikamata vipokezi viwili, vipokezi hivyo huungana na kutiana alama za fosfeti upande wa ndani. Kisha utando hukunjamana na kuvimeza, kikatokea kifuko kidogo chenye kikuzaji na vipokezi vyake vikiwa bado macho. Kifuko hicho huchukuliwa na protini-chukuzi, mfano wa mpagazi atembeaye juu ya reli, ikakipeleka njia nzima mpaka mwilini mwa seli.

Hata hapo, kikuzaji hakiingii chenyewe kusoma jeni. Hutuma wajumbe. Protini moja huiamsha ya pili, ya pili huiamsha ya tatu, na mmoja wa wajumbe wa mwisho huitwa ERK. Mjumbe huyo huingia katika kiini, na kwa kupitia wasaidizi wake huiamsha protini nyingine iitwayo CREB, ambayo hukaa juu ya DNA mahali ambapo jeni fulani fulani huanzia. CREB ikitiwa alama yake, mitambo ya kunakili jeni huanza kazi. Kabati limefunguliwa.

Jeni za kwanza kuitika huitika upesi mno. Mwaka 1984 Michael Greenberg na Edward Ziff walionyesha kwamba seli zikipewa vikuzaji, jeni iitwayo fos huanza kunakiliwa baada ya dakika chache tu. Mwaka 1985, pamoja na Lloyd Greene, walionyesha jambo hilo katika seli zifananazo na neva zilizopewa kikuzaji cha neva. Tena kazi ya fos si kujenga kitu. Protini yake hurudi katika kiini kwenda kuziita jeni nyingine, na hizo ndizo zinazoleta kazi za kudumu, kama vile kurefusha uzi na kutengeneza vyombo vya kupelekeana habari. Ni kama kengele ya shule yetu. Kengele haifundishi Jiografia, lakini isipolia mwalimu na wanafunzi hawakutani.

Jambo ninalotaka wenzangu walikumbuke hata wakisahau mengine yote ni hili linalofuata. Seli zile zifananazo na neva huitwa PC12. Greene na Arthur Tischler walizipata kutoka uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo ya panya, wakatoa habari zake mwaka 1976. Ukizipa seli hizo kikuzaji cha ngozi, huendelea kugawanyika na kuongezeka. Ukizipa kikuzaji cha neva, baada ya siku chache huacha kuongezeka, hutoa nyuzi ndefu, zikawa mfano wa neva. Jeni ni zile zile. Sahani ni ile ile. Na la ajabu zaidi, vikuzaji vyote viwili humwamsha mjumbe yule yule, ERK. Basi tofauti iko wapi? Tofauti kubwa iko katika muda. Kikuzaji cha ngozi humwamsha ERK mara moja, kisha akalala tena upesi. Kikuzaji cha neva humweka macho kwa saa nyingi. Wataalamu wameonyesha katika seli kadhaa kwamba protini ya fos ikizaliwa na kumkuta ERK bado yu macho, hutiwa alama inayoizuia isivunjwe mapema. Ikimkuta amekwisha kulala, huharibiwa kabla haijafanya kazi kubwa.

Kwa maneno mengine, seli ile ile, yenye jeni zile zile, huwa kitu kimoja ikiitwa kidogo, na huwa kitu kingine ikiitwa kwa kudumu. Anayesema "ni jeni tu" na anijibu hapo.

Najua atakalosema. Atasema, hayo ni ya kifaranga na uvimbe wa panya, wala si ya kujifunza. Sawa, na tuingie katika ubongo. Mwaka 1982 Yves-Alain Barde, Hans Thoenen na mwenzao walitoa katika ubongo wa nguruwe kikuzaji kingine, ambacho huitwa BDNF. Hiki ni ndugu wa kikuzaji cha neva, na kazi yake moja ni kuimarisha viungo ambavyo neva hupokezania habari. Jeni yake yaitwa na nini? Yaitwa na kazi ya neva yenyewe. Neva ikifanya kazi kwa nguvu, kalsiamu huingia ndani yake. Kalsiamu huwaamsha wajumbe, wajumbe huitia alama CREB, na CREB husaidia jeni ya BDNF isomwe. Mwaka 1995 ilionekana kwamba panya waliopewa gurudumu la kukimbilia walikuwa na nakala nyingi zaidi za jeni hiyo katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Eric Kandel naye, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alichungua konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Neva yake ikipewa ishara ya funzo mara moja, hubadilika kwa muda mfupi, na jeni haziitwi. Ikipewa mara tano, kwa nafasi baina ya mara na mara, CREB huamka, jeni husomwa, na viungo vipya huota. Huo ndio ukumbusho wa siku nyingi.

Tazama basi jinsi mambo yalivyo. Twasema jeni huamua kama mtu atajifunza. Lakini hata kujifunza kwenyewe huziamrisha jeni zisomwe. Njia hiyo ina kwenda na kurudi, nasi tumeshika upande mmoja tu.

Ili nisionekane kwamba nimekaza kamba upande wangu kupita kiasi, nakiri kwamba jeni ni kitu kikubwa. Kuna watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya kile kipokezi cha TrkA. Mwaka 1996 wataalamu walionyesha hivyo. Kwa kuwa kipokezi hakifanyi kazi, neva zao za maumivu hazikuokoka walipokuwa tumboni. Hawasikii maumivu, wala hawatoki jasho. Mtu asiyefikiri atasema wamebahatika, lakini watoto hao hujiuma ndimi, huungua moto wasijue, huvunjika mifupa wakaendelea kutembea. Kwa mtoto wa namna hiyo, hata kikuzaji kiwe kingi namna gani, hakuna wa kukipokea. Kwa hiyo sisemi kwamba juhudi inaweza kila kitu, wala sisemi kwamba sote tutakuwa wa kwanza darasani. Viti vya kwanza ni vichache, na watu hatukuumbwa sawasawa.

Walakini ugonjwa huo ni nadra sana, na ulijulikana kwa kuwachungua wagonjwa, neva zao na jeni zao. Yule mwanafunzi wa kidato cha pili aitwaye "kichwa cha mawe", ni nani aliyechungua jeni zake? Hakuna. Alama zake za Fizikia ndizo zilizochunguliwa, na huenda alianza kusoma Fizikia mwaka mmoja baada ya wenzake. Kusema jeni pale ambapo hakuna aliyetazama jeni si elimu. Ni usemi wa zamani uliovaa koti la daktari.

Mwingine atasema, mtu si seli, kwa hiyo mfano wako haufai. Namkubalia nusu. Mtu si seli, na wala sikuleta seli ili ithibitishe kwamba mwalimu mwema humfanya kila mtoto kuwa mtaalamu. Lakini si mimi niliyelileta neno jeni katika mazungumzo haya. Wao ndio walioliita mahakamani, wakadai kwamba limetoa hukumu. Mimi nimesoma maneno ya shahidi tu, nikaona kwamba hakuhukumu. Alisema, "Nipo, nangoja kuitwa."

Nalisema jambo hili kwa uchungu kwa sababu usemi huu una watu unaowaumiza. Katika ukoo wetu yuko binti ya mjomba wangu aliyeachishwa shule baada ya darasa la saba. Karo ilikuwa ya mtoto mmoja tu, naye kaka yake akachaguliwa. Wazee walipokaa kulizungumza, sababu waliyoitoa haikuwa umaskini. Walisema, "Huyu hana kichwa cha kitabu, amekitoa kwa mama yake." Nawaheshimu wazee wangu, na umaskini naufahamu. Lakini mama huyo hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, maana zamani hizo wasichana wa kijiji chetu walibaki shambani. Ilijulikanaje basi kwamba hana kichwa cha kitabu, naye hakupewa kitabu? Leo binti yule huuza nyanya na vitunguu sokoni. Humhesabia mteja aina tano za vitu kwa bei tano na kumrudishia chenji pasipo karatasi, nami mwenye kidato cha sita nikiwa bado natafuta kalamu.

Lau wazee wangesema, "Fedha hazitoshi," binti angebaki na heshima yake, na pengine fedha zikipatikana angerudi. Lakini umaskini ulipewa jina la damu. Fedha huweza kupatikana mwakani. Damu haibadiliki mwakani. Neno hilo lilifunga mlango ambao umaskini uliurudisha tu.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwanza, kwetu sisi wanafunzi wakubwa. Tuache kuwapa wadogo majina ya mawe na ya magogo. Na sisi wenyewe tuache ile desturi ya kuamka wiki ya mtihani tu, tukasoma usiku kucha kwa miguu ndani ya beseni la maji baridi. Yule konokono wa bahari hana mtihani, lakini atufundisha kwamba mara tano zenye nafasi baina yake zapita mara moja ya kishindo.

Pili, kwa walimu wetu, nasema kwa adabu. Katika shule nyingi wanafunzi dhaifu hukusanywa mkondo mmoja wa mwisho, na mkondo huo ndio mwalimu anaochelewa kuufikia, na ndio unaokosa vitabu vikiwa vichache. Huko ni kuwaita kidogo wale wahitajio kuitwa kwa kudumu. Mwisho wa mwaka wakishindwa, twasema tulijua. Kama kuna mkondo ustahilio mwalimu mwenye subira kuliko wote, ni ule.

Tatu, kwa wazazi. Karo ikiwa ya mtoto mmoja, najua uchaguzi ni mgumu, na mimi si mtu wa kuwafundisha. Ila nawaomba waseme sababu ya kweli. Waseme ni fedha. Wasimpe binti mzigo wa damu aubebe maisha yake yote.

Neno la mwisho juu ya Rita Levi-Montalcini. Alifariki tarehe 30 Desemba, 2012, akiwa na umri wa miaka 103. Pamoja na Paola, ndugu yake pacha, alikuwa ameanzisha mfuko wa kusaidia elimu, na mfuko huo uliwalipia masomo wasichana na wanawake wa Afrika. Yeye ambaye baba yake alisita kumpeleka chuo, na ambaye serikali yake ilimfukuza kwa damu yake, alitumia mali yake kuwaita wengine ambao hawajaitwa. Naona alikuwa ameielewa vizuri kazi yake mwenyewe.

Hayo ndiyo maoni yangu, Bwana Mhariri. Mwenye kuona kwamba nimekosea na achukue kalamu ajibu katika toleo lijalo. Ila namwomba jambo moja: akitaja jeni, aniambie pia ni nani aliyeziita, na aliziita kwa muda gani.

Mwanafunzi wa kidato cha sita